Askari wa Hadithi na Kitabu cha Sheria

Mlowo, mji wa biashara wilayani Mbozi, mkoani Songwe, umekaa kandokando ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Tunduma. Malori ya Zambia na Kongo hupita usiku na mchana, na askari wa usalama barabarani ni sura ya kila siku.

Katika riwaya za Kiswahili, hata hivyo, shujaa wa upelelezi mara nyingi hana sare. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla ni raia mwenye kiko na akili kali. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye hajaajiriwa na polisi. Faraji Katalambulla alimpa polisi nafasi yake kwa kumleta Inspekta Wingo katika Simu ya Kifo, 1965.

Nje ya Kiswahili, askari asiyepinda kabisa ni Javert wa Victor Hugo, katika Les Misérables ya 1862. Anamsaka mfungwa wa zamani, Jean Valjean, kwa miaka. Valjean anapomwokoa maisha, Javert anamwachia, kisha anajitosa mtoni: sheria aliyoiamini haikumfundisha huruma.

Mwandishi wa Songwe ana nafasi ya kumuumba mwingine: askari anayekataa hongo, lakini anajua wakati ambapo onyo linatosha.