Maharagi yapike polepole, lakini moto usilale nyumbani



Mwaka wetu wa mwisho wa chuo, tulikuwa watatu katika chumba kimoja huku Bukavu. Jioni moja tukateleka maharagi kwenye mbabula. Juu ya mvua na wezi, tukaiingiza mbabula ndani, tukafunga mlango, tukalala. Tulitaka yaive polepole mpaka asubuhi. Usiku mama mwenye nyumba akasikia mmoja wetu anatapika, akaja kugonga mlango kwa nguvu. Tulitoka inje kichwa kinauma, miguu haina nguvu. Sisi tuliamka. Kuko wengine ambao hawakuamka.

Makala yanapowaka yanatoa hewa inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na haimwamshi mtu: inamlaza zaidi. Basi shauri la kwanza ni hili: mbabula yenye moto isilale ndani ya nyumba, hata kama mvua inanyesha.

Lakini kupika polepole si kosa. Makala ni bei, na umeme ni delestaji kila mara. Tena Bukavu na Goma ziko juu, karibu metre 1500, na maji yanachemka karibu digrii 95 tu. Ndiyo maana maharagi yetu yanachelewa kuiva kuliko kule Kinshasa. Dawa yake si kuongeza makala, ni kutunza joto ambalo umekwisha kulilipa.

Tafuta kikapu kikubwa au karton. Tandika chini na pembeni nguo za zamani, blanketi au majani makavu ya ndizi, unene wa sentimetre 10 hivi. Acha katikati fasi ya sufuria. Shona pia mto wa kufunika juu. Kisha fanya hivi:

1. Loweka maharagi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, weka mengine.

2. Chemsha kwa nguvu dakika 30, mbabula ikiwa inje. Hapa hakuna mchezo. Maharagi, zaidi yale mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na kuchemka, si na joto dogo. Ukiyapasha tu bila kuchemka, yanaweza kukuumiza kuliko mabichi: kutapika na kuhara.

3. Yakiwa bado yanachemka, funika sufuria vizuri, ingiza kikapuni upesi, weka mto juu. Sufuria iwe imejaa karibu, kwa sababu kidogo kinapoa haraka. Usifunue kuchungulia! Kila ukifunua, joto linakimbia.

4. Kisha saa 4 hivi, toa, chemsha tena, halafu ndipo uweke nyanya, kitunguu na mawese. Nyanya zikiingia mapema, maharagi yanabaki magumu.

Ingiza saa sita mchana, kula jioni. Usiyaache kikapuni mpaka kesho yake. Ukifungua ukakuta chakula ni vuguvugu tu na kimekaa hivyo muda mrefu, kitupe. Inauma, lakini kuchemsha tena hakuondoi kila sumu ya vijidudu.

Na sombe je? Usianze nayo kikapuni. Majani ya muhogo yana sianidi. Inatoka kwa kutwanga vizuri, kisha kwa kuchemsha sufuria ikiwa wazi, mvuke uende zake. Kisha hapo unaweza kuifunika na kuiingiza ilainike na mawese yake.

Wale ambao ndugu zao wa Kanada au Marekani wanawatumia sufuria ya umeme ya kupika polepole: soma kwanza chini yake. Kama imeandikwa volti 120, usiichomeke kwenye 220 yetu, itaungua. Na hata hiyo, maharagi uyachemshe kwanza kwenye moto. Umeme ukikatika katikati, yarudishe kwenye mbabula mara moja.

Jaribuni Jumamosi hii na kilo moja. Hesabuni makala mliyotumia, mlinganishe na wiki iliyopita. Na mwenye mdogo wake anayesoma na kulala kwenye chumba cha kupanga, amwambie habari ya mbabula leo hii, asingoje Jumamosi.