Dirisha la boti likififia, mtaji nao hufifia

Wenye boti za watalii na za uvuvi wa ndoana katika pwani ya Afrika Mashariki huhesabu kwa makini bei ya mafuta, mshahara wa nahodha na matengenezo ya injini. Gharama moja husahauliwa na wengi: madirisha ya plastiki angavu yaliyoshonwa kwenye turubai la boti, ambayo mitaani huitwa nailoni. Yakififia, nahodha haoni vizuri mbele, abiria haoni bahari aliyoilipia, na siku boti inapouzwa mnunuzi huyatumia kushusha bei.

Mengi ya madirisha hayo ni ya PVC. Kwa asili PVC ni ngumu. Kiwandani huchanganywa na vilainishi ili iweze kupindika. Jua, joto na dawa kali huvipunguza vilainishi hivyo, na plastiki hugeuka manjano, hukakamaa, mwishowe hupasuka. Kutoka Malindi hadi Mafia, kati ya nyuzi 3 na 8 kusini mwa ikweta, jua halina msimu wa mapumziko.

Adui wa pili ni chumvi. Maji ya bahari yakikauka huacha chembe ngumu juu ya plastiki laini. Baharia anayepangusa dirisha kavu huzisugua chembe hizo kama msasa, na mikwaruzo yake haiondoki kwa sabuni.

Utaratibu unaofaa ni rahisi. Kila boti inaporudi, dirisha limwagiwe kwanza maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mpaka chembe zote ziondoke. Ndipo lioshwe kwa sabuni laini ya maji na kitambaa safi cha pamba bila kukandamiza, lisuuzwe na likaushwe kwa kitambaa kingine, kwani matone yakiachwa yakauke huacha madoa. Kazi hii ifanywe asubuhi au jioni, plastiki ikiwa haijapata moto.

Dawa za kusafishia vioo zenye amonia hazifai. Vivyo hivyo spiriti, tina, asetoni, petroli na mafuta ya taa. Gazeti, linalong'arisha kioo cha nyumbani, hukwaruza plastiki. Abiria nao waombwe wasishike madirisha mikono ikiwa na mafuta ya kujikinga na jua au dawa ya mbu yenye DEET, ambayo hula plastiki.

Baada ya kuosha, dirisha hupakwa dawa ya kinga dhidi ya jua iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki ya aina hiyo. Mikwaruzo midogo hupunguzwa kwa polishi ya plastiki. Iliyozama haina tiba. Wakati wa kuhifadhi, dirisha liviringishwe likiwa kavu, likitenganishwa kwa kitambaa laini, wala lisikunjwe, kwa sababu mkunjo huacha alama ya kudumu. Lisiegemee bomba la chuma lililopata moto juani.

Kwa anayenunua plastiki mpya, ile ya kukatwa kwenye roli ni nafuu, lakini mara nyingi hupinda sura ya vitu vinavyoonekana kupitia kwake. Karatasi bapa zilizong'arishwa kwa kushindiliwa ni ghali zaidi, na huonyesha vizuri. Unene unaotumika sana ni milimita 0.75 hadi 1.

Tofauti ya bei ipimwe kwa miaka. Chukua mfano wa dirisha lililogharimu Sh. 300,000. Likidumu miaka 2, limekula Sh. 150,000 kila mwaka. Likidumu miaka 5, limekula Sh. 60,000 tu. Kwa boti yenye madirisha 6, pengo hilo ni Sh. 540,000 kwa mwaka, na linalolileta ni ndoo chache za maji na kitambaa cha pamba.

Anayetaka kununua boti iliyotumika naye asiishie kwenye injini. Ayatazame madirisha kutoka ndani, uso ukielekea jua: manjano, ukungu na nyufa kando ya mshono ni gharama inayomngoja. Aombe ipunguzwe kwenye bei kabla ya kutia saini.