Gesti za Kariakoo: Kweli au Uongo?

Ukisema unakwenda Dar na utalala Kariakoo, hukosi mtu wa kukupa mawaidha. Usilale na feni. Usikalie choo. Chukua chumba cha ghorofani. Bila shaka na wewe umeyasikia, tena kwa watu wanaokutakia mema. Baadhi ni kweli tupu; mengine yanakutia hofu pasipo na hatari na kukuacha wazi palipo nayo. Tuyapime.

"Gesti za Kariakoo ni za wapenzi tu."
Uongo. Wapo wanaokodi chumba kwa saa chache, hilo halifichiki. Lakini kaa mapokezi alfajiri uone wanaotoka: mama mwenye duka la vitenge Tunduma, fundi simu wa Mwanza, wafanyabiashara wa Lubumbashi, Lusaka na Moroni waliokuja kufunga mzigo. Soko la Kariakoo linalisha maduka ya nchi nzima na ya majirani, na mzigo haununuliwi kwa saa mbili. Mtu analala jirani na bidhaa ili awahi Mtaa wa Kongo kabla njia haijajaa. Tangu treni ya SGR ianze safari za Morogoro na Dodoma mwaka 2024, wapo pia wanaotaka tu kulala karibu na stesheni. Mwanamke anayelala gesti peke yake hana haja ya kujieleza kwa yeyote.

"Kunguni wanaletwa na uchafu."
Uongo, na ni uongo unaowaponza hata watu makini. Kunguni anakula damu, hali taka. Haruki na hana mabawa; anabebwa. Mtaa unaopokea mabegi na marobota kutoka kila kona una kila sababu ya kuwa naye, hata kwenye gesti inayopigwa deki asubuhi na jioni. Tena anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo chumba ambacho hakijapata mgeni muda mrefu hakikuhakikishii chochote.

Kabla ya kulipa, omba kuonyeshwa chumba. Inua shuka, mulika mishono ya godoro na nyufa za kitanda kwa tochi ya simu. Ukiona vidoa vyeusi vilivyosambaa kama wino, hicho ni kinyesi chake, rudisha ufunguo. Begi liweke mezani, si kitandani. Hapa wazee wa pwani wapewe haki yao: kumwagia maji yanayochemka kitanda cha kamba ilikuwa dawa ya kweli, kwani joto la nyuzi 50 na zaidi huua kunguni pamoja na mayai yake. Nguo zako nazo zifue kwa maji ya moto ukifika nyumbani. Lakini usikose usingizi kwa kuogopa maradhi: kunguni anauma na kuwasha, ila haijathibitika kwamba anaambukiza watu ugonjwa kwa kuuma.

"Ukiwa na chandarua, mbu si tatizo."
Nusu kweli. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na kwake chandarua kizima kisicho na tundu ni kinga hasa. Wa dengi ni mwingine, na yeye huuma mchana, zaidi asubuhi na kuelekea magharibi, wakati wewe uko dukani unahesabu dazeni. Anazaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya mapipa, matairi na makopo, vitu visivyokosekana nyuma ya nyumba za mjini. Mwaka 2014 dengi iliikumba Dar es Salaam, na mwaka 2019 ikarudi kwa nguvu zaidi, wagonjwa wakawa maelfu. Kwa hiyo jipake dawa ya mbu hata mchana. Ukipata homa kali na kipimo cha malaria kikasema huna, usikimbilie diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini. Dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kama ni dengi. Nenda hospitali.

"Feni ya usiku kucha huleta nimonia."
Uongo. Nimonia huletwa na vijidudu, hasa bakteria na virusi. Feni inaweza kukukausha koo na kupeperusha vumbi, basi. Kwa joto la Januari, iwashe. Upepo wake hata humsumbua mbu, ambaye si hodari wa kuruka.

"Choo cha gesti kinaambukiza UTI na magonjwa ya zinaa."
Uongo. UTI kwa kawaida husababishwa na bakteria wanaotoka kwenye utumbo wa mtu mwenyewe, na magonjwa ya zinaa hayangojei mtu kwenye kiti cha choo. Ila yule shangazi aliyekukataza kuvaa kandambili za gesti? Kweli, asilimia mia. Fangasi wa miguu hupenda unyevu na huhamia kwa viatu vya kuchangia na sakafu za bafu. Beba za kwako.

"Chumba cha juu ndicho salama."
Inategemea, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Kibaka wa dirishani atasumbuka kufika ghorofa ya nne, sawa. Moto hausumbuki. Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na Novemba 2024 ghorofa la biashara liliporomoka hapa hapa na kuua watu zaidi ya 20. Uliza maswali ambayo wengi hawaulizi: kuna ngazi ya pili? Mlango wa nyuma unafungwa kufuli usiku, na ufunguo anao nani? Dirisha lina nondo zisizofunguka? Ukiona nyufa pana kwenye nguzo, au jirani anachimba msingi pembeni ya ukuta, tafuta gesti nyingine hata kama umeshachoka.

"Andika jina lolote kwenye kitabu cha wageni."
Uongo wa hatari. Kitabu kinauliza jina, utokako, uendako, kazi, mara nyingine hata kabila, na mtu aliyechoka huona ni usumbufu. Jengo likipata janga, waokoaji watataka kujua nani alikuwa ndani, na kitabu hicho kinaweza kuwa orodha pekee iliyopo. Jina la uongo maana yake ndugu zako hawatapigiwa simu. Andika jina kamili na namba ya mtu wa nyumbani. Hapo hapo mapokezi soma lile tangazo kwamba uongozi hauhusiki na mali isiyokabidhiwa: fedha za mzigo ziache kwenye simu au benki, na kama ni lazima ukabidhi taslimu, zihesabiwe mbele yako, kiasi kiandikwe, nyote wawili mtie sahihi.