Tone Kwenye Chuma cha Chapati

Mpika chapati mzoefu hana haja ya kipimajoto. Hulowesha vidole, hurusha matone mawili matatu kwenye chuma, kisha husikiliza. Chuma kikiwa vuguvugu, tone hutandaa na kutulia. Kikishika moto, hulia chwaa na kukauka papo hapo. Moto ukizidi, mambo hugeuka: tone halilii tena. Hujikusanya likawa kama gololi, likateleza huku na huko, na likadumu. Ajabu iko hapo: chuma kina moto zaidi, na maji yanachelewa kwisha!

Daktari wa Kijerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, aliliandika jambo hili mwaka 1756. Alipasha kijiko cha chuma kikawa chekundu, akadondosha maji, akapima muda kwa mibembeo ya pendulamu. Tone la kwanza lilidumu kama sekunde 30. La pili, kijiko kikiwa kimepoa kidogo, kama sekunde 10. Yaliyofuata hayakumaliza hata hizo.

Siri iko chini ya tone. Chuma kikipita nyuzi 200 hivi, maji ya upande wa chini hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo, wenye unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, hulibeba tone lisiguse chuma. Mvuke hupitisha joto kwa shida, kwa hiyo tone hupona kwa muda. Mpishi akiona hivyo hupunguza moto, la sivyo chapati itaungua nje na ndani ibaki mbichi.

Mvuke ndio pia unaopiga kelele kwenye sufuria ya chai. Viputo vyake huzaliwa kwenye kitako, penye moto, lakini vikianza kupanda hukuta maji ya juu bado hayajaiva, vikanywea ghafla. Mngurumo unaousikia ni kunywea huko, maelfu kwa maelfu. Maji yakichemka kwelikweli viputo hufika juu vizima, na kelele hupungua. Aliye sebuleni hujua kwa sikio tu kwamba sasa ni wakati wa kutia majani.

Birika nalo litazame mdomoni. Ule weupe unaofuka ni vitone vya maji vilivyokwisha kupoa. Mvuke wenyewe hauonekani. Umo katika kale kanafasi kanakoonekana katupu, kati ya mdomo na weupe. Usipeleke kidole. Gramu moja ya mvuke ikigusa ngozi na kurudi kuwa maji huachia joto zaidi ya mara tano ya lile linalotakiwa kupasha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100. Ndiyo maana wapishi wazoefu hufunua sufuria kwa kuinua kwanza ukingo wa kifuniko ulio mbali nao, mvuke utokee upande wa pili.