Mkwaju wa Python na mkwaju wa Java

Katika maandishi ya kawaida mkwaju (/) hutenganisha maneno mbadala au sehemu za tarehe. Katika lugha za kuandikia programu za kompyuta huashiria kugawanya. Mwanafunzi aliyezoea Python, aanzapo kujifunza Java, hufurahi kuukuta mkwaju uleule, na hapo ndipo anapokosea. Katika Python, toleo la 3, 99/2 ni 49.5. Katika Java ni 49, kwa kuwa namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili hutoa namba kamili, na desimali hutupwa. Programu ya kukokotoa wastani wa mitihani miwili itampunja mtahiniwa nusu alama bila onyo lolote.

Nuktamkato (;) haina hatari hiyo. Mwanafunzi akiisahau mwishoni mwa amri ya Java, programu haikubali hata kuanza, naye huirekebisha papo hapo. Wafasiri wanaijua tofauti hii: neno geni humpeleka mtu kwenye kamusi, bali *hadithi*, ambayo kwa Mwarabu ni pia mazungumzo ya kawaida, hupita bila kutiliwa shaka.

Hata kisawe kinachodhaniwa kuwa kamili hakiaminiki. Python ina mkwaju pacha (//) unaoondoa desimali, lakini -7//2 ni -4, ilhali -7/2 ya Java ni -3: Python hushukia namba iliyo chini, Java huelekea sifuri. Anayetaka desimali katika Java huandika 99/2.0.