Jamhuri Dei huwa tamu ikiliwa na jirani

KABLA ya jua kuchomoza kila Desemba 12, sufuria kubwa ya nyama huwa imekwisha kuinjikwa mekoni katika nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu mjini Nakuru. Ifikapo adhuhuri, ua hujaa wageni. Mmoja huja na kibuyu cha mursik, mwingine na sinia la mukimo, wa tatu na samaki aliyeagizwa Kisumu. Mwenyeji hutoa nyama, mchele na viti.

Desturi hii ilianza miaka ya 1980, mwalimu huyo alipohamishiwa mjini humo akiwa hana nauli ya kurejea kwao kwa sikukuu. Aliwaalika wapangaji wenzake wa ploti, nao wakachanga walichokuwa nacho. Wengi wao walitoka mikoa tofauti. Wote walikuwa mbali na jamaa zao, na wote walikuwa na mapumziko siku hiyo.

Aghalabu, Wakenya huzichanganya sikukuu zao za taifa. Ndiyo maana katika boma hilo hakuna mtoto anayepakuliwa chakula kabla ya kueleza tofauti iliyopo. Juni 1, 1963, Kenya ilipata madaraka ya kujitawala kwa mambo ya ndani, Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu. Desemba 12 mwaka huo, nchi ikapata uhuru kamili. Hata hivyo, Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa mkuu wa dola, akiwakilishwa na Gavana Mkuu. Ilikuwa Desemba 12, 1964, ndipo Kenya ikawa jamhuri na Kenyatta akawa Rais. Kwa hivyo, siku hii moja hubeba kumbukumbu mbili.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 9, hutambua siku tatu za kitaifa: Madaraka, Mashujaa inayoadhimishwa Oktoba 20, na Jamhuri. Kifungu hicho husema kuwa siku hizo ni za mapumziko. Hakisemi mwananchi azisherehekee vipi, wala na nani. Gwaride na hotuba ya Rais ni kazi ya serikali. Yanayosalia ni ya raia mwenyewe.

Katika nyumba ya mwalimu, yanayosalia hayo yana kanuni. Mialiko hutolewa Novemba. Kila aila huleta chakula cha kwao. Isitoshe, siasa hazizungumzwi hadi vyombo vioshwe.

Kanuni hiyo ya mwisho iliwekwa kwenye mizani Desemba 12, 2007, siku 15 kabla ya uchaguzi mkuu. Wageni walikula, wakaosha vyombo, kisha wakaagana mapema kuliko ada. Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi huo zikaufikia mji wa Nakuru. Kote nchini, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba wa amani Februari 28, mbele ya Kofi Annan. Lakini hakuna mkataba uliowarejesha majirani wa mwalimu.

Novemba 2008 ilipofika, mkewe alitoa shauri kwamba sherehe iachwe, angalau kwa mwaka mmoja. Mwalimu alikataa. Aliwapigia simu wote, wakiwemo waliohama usiku bila kuaga. Wengine hawakupokea. Siku ya Jamhuri, viti vilipangwa kwa idadi ile ile ya mwaka uliotangulia, na zaidi ya nusu vikakaa wazi. Chakula kilichobaki kiligawiwa watoto wa mtaa.

Mwaka uliofuata, aila moja kati ya zilizohama ilibisha hodi ikiwa na gunia la viazi. Hakuna aliyeomba msamaha wala aliyedai aombwe. Mama mwenye nyumba aliwapa kisu cha kumenyea, kazi ikaendelea. Aila nyingine haikurudi hata leo, lakini hualikwa kila Novemba.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukoo hukutana kwa harusi, matanga na Krismasi, na huko wote huwa wa damu moja. Sikukuu ya taifa ni tofauti kwa kuwa humpa mtu sababu ya kumwalika asiyekuwa wa kwao. Atakayekula na jamaa zake pekee atakuwa amepumzika, ila taifa halitakuwa limeingia nyumbani mwake.

Watoto wa mwalimu sasa ni watu wazima. Huwasili kutoka Nairobi na Eldoret wakiandamana na marafiki wao wenyewe, na mwalimu, ambaye magoti yamemlemea, huketi karibu na lango akihesabu viti. Hesabu yake haijapunguzwa tangu 2007.