Jahazi na Kusi katika Mlangobahari wa Pemba

Kati ya pwani ya Kwale, kuanzia Shimoni hadi Vanga, na kisiwa cha Pemba pana mlangobahari wenye kina cha mamia ya mita ambao umevukwa kwa karne nyingi na majahazi, yaani vyombo vya mbao vyenye tanga kubwa lililofungwa kwenye foromali, boriti ndefu inayopandishwa mlingotini kwa kamba iitwayo henza. Uzito wa safari hiyo hudhihirika wakati wa kusi, upepo uvumao kuanzia Aprili hadi Septemba, kwa kuwa Pemba iko kusini-mashariki mwa Shimoni, ndiko upepo wenyewe unakotoka, na mkondo wa maji nao huelekea kaskazini, hivyo chombo kinachotoka Kwale hupingwa na vyote viwili.

Nahodha hulazimika kubisha, maana yake kwenda mshazari dhidi ya upepo, mara upande huu, mara upande ule. Kila chombo kinapogeuzwa, foromali husimamishwa wima na kupitishwa mbele ya mlingoti, huku mabaharia wakiing'ang'ania demani, kamba ya ncha ya nyuma ya tanga, ambayo ikiwaponyoka katika upepo mkali tanga hupigapiga hadi likachanika, au mlingoti ukavunjika. Kwa sababu hiyo nahodha hodari hageuzi chombo karibu na mwamba.

Upepo ukizidi, tanga kubwa hushushwa na dogo likafungwa mahali pake, kazi ambayo sharti imalizike kabla wingu la mvua halijafika, kwani foromali iliyoelemewa na upepo haishuki kwa urahisi. Maji yaliyoingia hukusanyika ngamani, sehemu ya chini kabisa ya chombo, nayo hufuliwa bila kukoma. Kutosa shehena ni hatua ya mwisho.

Ujuzi huu unastahili heshima kubwa kuliko inayopatikana Diani, ambako chombo cha tanga hutazamwa zaidi kama burudani ya watalii. Hata hivyo una mipaka: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia, katika ukanda ambao vimbunga ni nadra mno kiasi kwamba uzoefu wa wazee pekee hautoshi kuvitambua. Inafaa tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa zitangazwe mapema, kwa Kiswahili, katika bandari ndogo za Gazi, Msambweni na Vanga, kabla vyombo havijang'oa nanga.